Kinaya cha Taifa

Nchi inayosimuliwa hapa haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Akihisi kwamba ameshawahi kuishi humo, apumzike kidogo. Hali hiyo huwa inapita. Inaitwa Jamhuri ya Shwari, na haina matatizo. Yalikuwapo zamani, lakini serikali iliyaondoa kwa tangazo, na tangu hapo mwananchi anayekutana na tatizo hutakiwa kuliripoti kituo cha polisi, ambako ataulizwa amelitoa wapi.

Katika nchi hiyo Mwalimu Eshe Makwaya alifundisha Kiingereza kwenye Sekondari ya Wasichana ya Utiifu. Mumewe naye alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Mwaka mmoja mume huyo alikwenda uwanja wa ndege kumpokea shangazi yake, akaona bango la serikali la Kiingereza lililokosewa herufi, ambalo badala ya kuwakaribisha wageni kwa moyo lilikuwa likiwakaribisha kuzikwa. Akaazima ngazi, akapanda, akalisahihisha. Kabla wiki haijaisha alipewa uhamisho kwenda Sekondari ya Mbambani.

Sekondari ya Mbambani ilikuwa bado haijajengwa. Eshe alipokwenda wizarani kuuliza, alielezwa kwa upole kabisa kwamba mumewe hajapotea. Yuko njiani kuelekea kituo chake cha kazi, na atakapowasili ataandika.

Eshe alishukuru, akarudi darasani. Hakulia siku ile wala siku iliyofuata. Kitu fulani ndani yake kililala kama mguu uliokaliwa kwa muda mrefu, naye hakuukanyagia tena kuona kama umeamka. Aliamka, alioga, alifundisha, alisahihisha, alilala. Alipoulizwa hali alisema nzuri, na neno hilo lilimtoka bila kupitia mahali popote.

Basi kilikuja kipindi cha mkutano wa marais wa nchi jirani, na Mtukufu Mlezi, kiongozi wa Shwari, akapanda jukwaani kuwahutubia kwa Kiingereza. Kitabu cha historia kinasema Mtukufu Mlezi anajua Kiingereza kuliko wenyewe. Siku ile alikunjua karatasi, akaikunja tena ili aseme ya moyoni, akatangaza kwamba yeye ndiye kiongozi aliye infamous kuliko wote katika ukanda mzima.

Neno hilo linamaanisha mtu anayejulikana kila mahali kwa uovu wake. Yeye alidhani ni kaka mkubwa wa neno lenye maana ya mashuhuri. Marais wageni waliangalia viatu vyao. Mmoja wao alipaliwa na maji, akatolewa nje akipigwa mgongoni. Wananchi wa Shwari, ambao wanajua pa kupigia makofi hata wakiwa wamesinzia, walipiga makofi.

Kesho yake neno lile lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyekundu kwenye magazeti yote, kuta zote za soko kuu, na ubavuni mwa magari ya kuzoa taka.

Eshe aliingia kidato cha nne akakuta mkono mmoja uko juu. Ulikuwa wa Sifuni Mgaya, msichana mwembamba aliyependa maneno kama wenzake wanavyopenda nyimbo. Neno jipya akilipata alilizungusha mdomoni siku nzima, na likitumiwa vibaya mbele yake alikunja uso kama aliyetafuna changarawe. Mbele ya Sifuni alikaa kiranja wa utulivu, ambaye hakuwa na kitabu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza tu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema, Sifuni."

"Mwalimu, wiki jana ulitufundisha kwamba neno hili ni la mtu anayejulikana kwa ubaya. Jana Mtukufu Mlezi amejiita hivyo yeye mwenyewe. Naomba kujua nani amekosea."

Hakuuliza kwa utundu. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari. Kiranja wa utulivu akageuza shingo taratibu.

"Hakuna aliyekosea," Eshe alisema. Hakuhisi hofu. Alijiona kwa mbali, amesimama ubaoni na chaki mkononi, akasubiri kusikia huyo mwanamke atasema nini. "Mtukufu Mlezi ametumia kinaya. Kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia, ukitegemea anayekusikiliza atakuelewa. Mtu mwema akijiita mwovu, tunajua ni unyenyekevu wake. Andikeni."

Wakaandika. Sifuni aliandika pia, huku akimtazama mwalimu wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchana ule ule gari la Wizara ya Elimu na Utulivu liliingia shuleni. Alishuka bwana mmoja mfupi, mwenye suti ya rangi ya majivu na sauti ya kubembeleza mtoto alale. Aliitwa Ndugu Kasimbazi. Mkuu wa shule alimpisha ofisi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje.

"Mwalimu," alisema Ndugu Kasimbazi, "ni kweli umewaambia wanafunzi kwamba Mtukufu amesema kitu ambacho hakukikusudia?"

"Ni kweli, ndugu. Kwa kinaya."

"Hicho kinaya ni ugonjwa?"

"Ni ufundi wa lugha. Wanautumia wasomi wakubwa tu."

Ndugu Kasimbazi alifumba macho. Tangu jana wizara nzima ilikuwa haijalala ikitafuta maelezo, kwa sababu balozi mmoja alikuwa amepiga simu kutoa pole. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi ya mtu aliyeokolewa majini.

"Mama," akasema, "umeitendea nchi jambo kubwa."

Siku ya pili redio ikatangaza kwamba Mtukufu Mlezi ndiye kiongozi wa kwanza katika ukanda kutumia kinaya hadharani bila msaada wa wataalamu. Ikaundwa Idara ya Maana, Ndugu Kasimbazi akawa mkurugenzi wake. Mwalimu Eshe akateuliwa Mshauri wa Kinaya wa Taifa, kazi ambayo aliifanya pamoja na ya ualimu, na ambayo ilimpa haki ya kukaa kwenye kiti chenye mto wakati wa hotuba.

Tatizo (na hapa neno hilo limetumika kwa makosa) lilianza pale wananchi walipoelewa kinaya ni nini. Redio ilikuwa imekwisha kuwaambia kwamba bei ya unga itashuka. Haikushuka, na zamani wangenyamaza. Sasa mama mmoja dukani alisikika akimwambia mwenzake, kwa heshima zote, kwamba huenda ile ilikuwa kinaya. Neno likaenea. Wastaafu waliokuwa wakisubiri mafao walisema pengine waliahidiwa kwa kinaya. Wakazi wa mtaa mmoja walipelekewa salamu za rambirambi kutoka Ikulu baada ya mafuriko, wakauliza kama wazipokee kama zilivyo au wazigeuze.

Ikabidi Idara ya Maana itoe ufafanuzi. Kinaya cha Mtukufu ni kile kimoja tu. Mengine yote aliyowahi kusema ni kweli tupu, na mwananchi asijaribu kinaya nyumbani. Ili kulimaliza jambo hilo, mtihani wa taifa wa kidato cha nne ulipewa swali la lazima: Eleza kwa sentensi moja jinsi Mtukufu Mlezi alivyolitumia neno lile.

Nchi nzima ilijibu kwa sentensi moja, ile ile, iliyotangazwa redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari. Nchi nzima isipokuwa mtu mmoja.

Ndugu Kasimbazi alimwita Eshe ofisini kwake. Alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, kisha akasogeza mbele yake karatasi ya majibu ya Sifuni Mgaya. Kwa Kiingereza kisicho na doa, kwa mwandiko wa kulala upande ambao Eshe aliujua vizuri, msichana alikuwa ameandika: "Alilitumia sawasawa, na safari hii namwamini."

Eshe aliisoma. Ilikuwa sentensi nzuri kuliko zote alizowahi kuletewa na mwanafunzi. Alijua hivyo kama mtu anavyojua kwamba nje kuna jua, akiwa ndani na madirisha yamefungwa.

"Kwa haraka haraka," alisema Ndugu Kasimbazi, "mtu anaona ni sifa. Msahihishaji wa kwanza alimpa alama zote. Wa pili akashindwa kulala. Mimi nimejaribu kuifikiria polepole. Kama alilitumia sawasawa, basi hakikuwa kinaya. Na kama hakikuwa kinaya, basi Mtukufu ni..." Akasita, kwa kuwa kuimalizia sentensi ile lilikuwa kosa la jinai hata kwa mkurugenzi. "Halafu hii 'safari hii'. Safari hii tu? Na zile safari nyingine?"

Eshe aliilaza karatasi mezani.

"Wewe ndiye mshauri, mama. Niambie tu. Hiki ni kinaya au si kinaya? Kama ni kinaya, mtoto ana kipaji, na kipaji kama hicho tunakipeleka Mbambani kikaendelezwe. Nasikia wanafungua bweni la wasichana."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akimimina chai. Eshe aliutazama mvuke ukipanda. Akasikia sauti yake ikianza kazi, tulivu, kama siku ile darasani.

"Si kinaya. Ni ujinga."

"Ujinga?"

"Hajui Kiingereza. Kuna semi mbili zinafanana sura. Alitaka kuandika kwamba anamwamini Mtukufu moja kwa moja na siku zote, akakosea akaandika safari hii. Hilo neno sawasawa amelibandika tu. Kinaya hawezi. Nimemfundisha mwenyewe, hakijaingia."

"Lakini alikuwa akiongoza darasa."

"Kwa kukariri, ndugu. Yule ni kasuku."

Ndugu Kasimbazi alifikiri. Alipenda ujinga, ulimpunguzia kazi. Hata hivyo alikuwa mtu wa utaratibu, akaagiza msichana aletwe.

Sifuni aliingia na sare ya shule iliyopigwa pasi. Alimwamkia mkurugenzi, akamwamkia mwalimu wake, akasimama na mikono nyuma.

"Binti," alisema Ndugu Kasimbazi, "mwalimu wako anatueleza kwamba hujui Kiingereza. Kwamba uliandika usichokijua. Ni kweli?"

Sifuni aligeuka akamtazama Eshe. Eshe aliukaza uso wake, hakupepesa. Alijua anachomwomba mtoto huyu. Alikuwa anamwomba atupe kitu pekee alichokuwa nacho, akitupe mwenyewe, mbele za watu, na aseme hakikuwahi kuwa chake.

Msichana alivuta pumzi. Kisha akajibu kwa Kiingereza.

Kilikuwa Kiingereza cha kutisha. Kitenzi kilikwenda huku, mtendaji akabaki kule. Wakati uliopita ukakaa mbele ya wakati ujao. Wingi ukavaa nguo za umoja. Alisema kwamba yeye maneno hapana kujua, kwamba mwalimu amefundisha vizuri lakini kichwa chake ndicho kilikuwa hakikuwa. Ndugu Kasimbazi, ambaye mwenyewe alikuwa akipotea katika lugha ile kila alipoingia, alitabasamu kwa huruma.

Eshe peke yake ndiye aliyekuwa akisikiliza. Kila kosa alilitambua. Lile la vitenzi walilifanyia kazi kidato cha kwanza, lile la wingi kidato cha pili, wiki ya mvua kubwa walipofundishana wakipiga kelele kwa sababu ya bati. Makosa yote aliyowahi kumsahihisha msichana huyu, na ambayo Sifuni hakuyarudia tena, sasa alikuwa akiyatoa moja moja, kwa mpangilio, bila kusahau hata moja, na kuyaweka mezani mbele ya mkurugenzi kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima.

"Inatosha," alisema Ndugu Kasimbazi. "Pole, binti. Si kila mtu amejaliwa."

Akaandika sifuri. Chini yake akagonga muhuri wa Idara ya Maana, na kutoa cheti kinachothibitisha kwamba mwenye jina hilo amechunguzwa na kuonekana hana uwezo wowote wa kinaya.

Nje, kwenye korido, walisimama wote wawili. Eshe alitafuta la kusema. Alikuwa na shahada mbili za lugha.

"Asante, mwalimu," alisema Sifuni.

Akaenda zake. Eshe alibaki pale akijaribu kuamua kama alikuwa ameshukuriwa kweli au la. Miaka yote ile akifundisha namna ya kutofautisha, na sasa hakuweza.

Sifuni hakuendelea na shule. Alianza kusuka nywele kwenye saluni ya mama yake mdogo, upande wa pili wa barabara anayopita Eshe akienda kazini. Eshe alianza kupita barabara nyingine, ambayo ilikuwa ndefu na yenye matope. Jioni alivua viatu, akavikwangua, akavianika. Kazi hiyo ilimsaidia.

Wakati huo Ikulu ilikuwa ikitafuta mwandishi mpya wa hotuba za Kiingereza. Yule wa zamani, aliyemwachia Mtukufu akunje karatasi, alikuwa njiani kuelekea Mbambani. Ikaamuliwa kwamba safari hii apatikane mtu salama, asiye na chembe ya kinaya, na awe na uthibitisho. Walijitokeza maprofesa, wakaapa kwamba katika maisha yao yote hawajawahi kusema kinyume cha wanachokusudia. Waliulizwa ushahidi, hawakuwa nao. Katika Jamhuri nzima aliyekuwa na cheti ni mmoja. Gari lilikwenda kumchukua saluni, mteja akabaki na kichwa nusu.

Kuhusu kwamba binti hajui Kiingereza, maofisa wa Ikulu walilijadili, wakaona si kikwazo. Wao wenyewe hawakukijua na walikuwa wakifanya kazi vizuri tu.

Eshe alilijua hilo siku ya uzinduzi wa daraja jipya, alipokaa kwenye kiti chake chenye mto, Ndugu Kasimbazi kulia kwake, mabalozi na wageni mbele. Mtukufu Mlezi alifungua karatasi, na kwa kuwa alionywa asiikunje, hakuikunja. Nyuma ya jukwaa, karibu na pazia, Eshe akamwona Sifuni, mikono nyuma, macho chini.

Mtukufu alianza kusoma. Kilikuwa Kiingereza safi kama maji ya mtungi.

"Wananchi hawa," alisoma, "ni wema kuliko ninavyostahili." Makofi.

"Katika uongozi wangu wote, hakuna mtu aliyewahi kulalamika mara mbili."

Balozi mmoja aliinua programu akajifunika mdomo. Safu ya walimu, walioletwa kwa malori kuja kushangilia, ikaacha kusinzia.

Ndugu Kasimbazi aliinamia sikio la Eshe. "Hapo hakuna kinaya?"

"Hakuna," alisema Eshe.

"Uchaguzi wetu," Mtukufu aliendelea, akipata mori, "umepangwa vizuri kiasi kwamba mpiga kura anaweza kubaki nyumbani akapumzika, na bado kura yake ikafika."

"Na hapo?"

"Hapana, ndugu. Hiyo ni taarifa."

Katika nchi ya Shwari kila mtoto amesimuliwa habari za mfalme wa kale aliyechukia kuamshwa. Mfalme huyo aliamuru majogoo wote wachinjwe, akalala usingizi mzuri, na alipoamka akakuta watu wamehama usiku na nyumba zote zikiwa tupu. Wageni hawaijui hadithi hiyo. Mtukufu mwenyewe, aliyelelewa na bibi kama kila mtu, angepaswa kuikumbuka, lakini alikuwa anasoma, na mtu anayesoma kwa sauti mbele ya watu hana nafasi ya kusikiliza.

"Nami nawaahidi," alisoma, akiinua kidole, "kwamba nitaendelea kulala vizuri. Kwa kuwa katika nchi hii, nashukuru, hajabaki jogoo hata mmoja."

Wageni waliangaliana, hawakuelewa. Lakini kwenye safu ya walimu mtu alitoa sauti kama ya kikohozi, na mwingine akamfuata, na kikohozi hicho kikapita kwa makarani, kikaenda mpaka kwa askari waliosimama kando ya kamba. Nyuma ya jukwaa Sifuni hakuinua macho.

"Jogoo?" alinong'ona Ndugu Kasimbazi, uso ukianza kupata jasho. "Jogoo gani, mama? Mbona kama nimewahi kusikia?"

Eshe alifungua mdomo aseme hakuna kitu. Kilichotoka kilikuwa kicheko. Hakikuwa kikubwa, lakini kilimtikisa mabega, na alipojaribu kukirudisha kikarudi na nguvu zaidi, kikaleta machozi. Kifua kilimuuma kama mguu unapoanza kuamka. Hakuwa amejua kwamba bado kinaweza.

Ndugu Kasimbazi alimtazama kwa hofu.

"Mwalimu. Unacheka?"

"Nimefurahi, ndugu."

"Umefurahi." Alipangusa shingo. Aliangalia jukwaani, akaangalia safu zilizokuwa zikikohoa, akarudi kwake, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumuuliza. "Niambie kweli, mama. Hicho sasa ni kinaya?"

Eshe alilifikiria swali hilo kama mshauri anavyopaswa kufikiri.

"Hapana," alisema. "Hiki sicho."